Magurudumu ya Honda kwenye Probox ya Baba

Shangazi mpendwa,

Barua hii itasomwa na watu wengi kabla haijakufikia wewe huko Isiolo, na naomba usinikasirikie kwa hilo. Ningeweza kukupigia simu nikakuambia kwa sauti ya chini, lakini jambo lenyewe lilikwisha kuwa la watu wengi siku nyingi. Mwalimu wetu wa Kiswahili amekubali kuichapisha katika gazeti la shule yetu hapa Kitui. Nakala nyingine Baba ataibandika kwenye kibanda cha chai pale Emali, mkabala na mahali ulipokuwa ukipanga rimu zako. Ukisoma hadi chini utaelewa kwa nini yeye ndiye aliyetaka iwe hivyo.

Nianze na Emali, kwa sababu huko ndiko nilikokujua vizuri. Kabla ya hapo ulikuwa kwangu dada yake Baba tu, yule anayekuja kwetu Tawa Krismasi na mkate mkubwa na kucheka kuliko watu wote. Likizo ya Agosti nikiwa darasa la sita ndipo Mama aliponileta kwako nikae wiki tatu. Nilitarajia duka. Nikakuta rimu za magari kando ya barabara ya Mombasa, zimeegemezwa moja juu ya nyingine kama sahani zinazokaushwa, na wewe katikati umefunga kanga juu ya suruali, spana mkononi. Malori yalipita yakitutimulia vumbi. Ulinipa kitambaa na ndoo ya maji ya sabuni, ukasema, "Osha hizo. Rimu chafu huficha ufa."

Nilikaa siku mbili nikiosha tu kabla sijauliza swali. Siku ya tatu nikakuuliza unajuaje rimu ipi itaingia kwenye gari lipi, maana zote kwangu zilikuwa duara zenye mashimo. Hukunijibu kwa maneno. Ulivuta chini ya benchi lile rundo la makadibodi uliyokata kutoka katoni za sabuni. Kila moja ilikuwa na mashimo uliyotoboa kwa msumari wa moto, na juu yake umeandika kwa kalamu ya wino mzito jina la gari. Ukachukua moja ukaipachika kwenye bolti za gari lililokuwa juu ya jeki, ikaingia sawasawa. Ukachukua nyingine, nayo ilikuwa na mashimo manne vilevile, ikakataa. Tofauti ilikuwa ndogo kama upana wa kidole changu. "Umeona?" ukasema. "Jicho lingekuambia ni sawa."

Nakumbuka yule mteja wa nyanya aliyekuja na pikapu kutoka upande wa Loitokitok. Alitaka umfungie magurudumu ya aina nyingine, na ulipokataa akaanza kukufundisha kazi yako.

"Mama, hapa kuna bolti nne. Huku kuna mashimo manne. Hesabu si imetoka?"

"Imetoka," ukamwambia. "Ng'ombe ana miguu minne, meza ina miguu minne. Enda ukamue meza."

Watu wa kibanda cha chai walicheka hadi yule mzee wa kukaanga mandazi akaacha mandazi yakaungua. Mwenye nyanya naye alicheka mwishowe, akakaa chini, ukamtafutia rimu za gari lake.

Kutoka siku ile ukaanza kunifundisha kweli. Ulinionyesha kwamba mashimo ya bolti yakikubaliana bado kazi haijaisha, kwa sababu kuna tundu la katikati, lile linalokaa kwenye habu ya gari, kile kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Magari ya kampuni moja yana habu nene, ya nyingine ni nyembamba kidogo. Rimu yenye tundu kubwa ikifungwa kwenye habu ndogo hucheza kidogo sana, huwezi hata kuona, lakini dereva ataisikia kwenye usukani. Kwa hiyo ulikuwa na pete nyembamba za alumini, ulizokuwa ukichongewa na fundi wa mashine, za kuziba ile nafasi. Ukanionyesha pia nati. Za Honda zina tumbo la mviringo mahali zinapogusa rimu, za Toyota zimechongoka kama pia. Zote zinaingia kwenye bolti zilezile bila kulalamika, na hapo ndipo watu wengi hujidanganya. "Nyuzi za nati hufuata gari," ulikuwa ukisema, "lakini tumbo lake hufuata rimu." Nililiandika neno hilo nyuma ya daftari langu la hesabu. Bado lipo.

Na kisha kulikuwa na rehani.

Wasomaji wengine wa barua hii hawajui, kwa hiyo nieleze. Gari likivalishwa magurudumu ya gari jingine, hukumruhusu mwenyewe aende zake moja kwa moja. Ulimtuma aendeshe hadi Sultan Hamud, kisha arudi ukaze nati mara ya pili, kwa sababu rimu iliyotumika, hasa iliyopakwa rangi upya, hutulia baada ya mwendo. Rangi iliyo chini ya nati hubanwa ikawa nyembamba, na nati iliyokuwa imekaza asubuhi hulegea kufikia mchana. Lakini nani hurudi? Watu wana haraka. Kwa hiyo ulibuni desturi yako: vile vifuniko vinne vya katikati ya rimu, vinavyong'aa, ulibaki navyo. Gari liliondoka likiwa na matundu meusi katikati ya magurudumu, kama mtu aliyetoka nyumbani bila kufunga vifungo. Ukitaka vifuniko vyako, rudi ukaziwe. Madereva wakakupa jina la Mama Rehani.

"Mama Rehani, leo unashika nini? Nikuachie mke wangu?"

"Mke wako hana nati. Lete vifuniko."

Hakuna aliyewahi kuondoka na vifuniko kabla ya kukaziwa mara ya pili. Najua, kwa sababu likizo zote zilizofuata mimi ndiye niliyekuwa nikivifunga kwenye kitambaa na kuviweka mapajani. Uliniamini kwa kazi hiyo. Hujawahi kuniambia kwamba uliniamini. Ulinipa tu kitambaa.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa siku moja kabla ya mimi kuripoti kidato cha kwanza. Rimu za Probox ya Baba zilikuwa zimepindwa na mawe ya kwetu, moja imepasuka, na alitaka anifikishe Kitui na gari linaloonekana gari. Hukuwa na rimu nzuri za Probox siku ile. Ulikuwa na seti ya Honda Fit, nzima, uliyokuwa umeipaka rangi ya fedha siku chache kabla. Baba alizizunguka mara mbili.

"Dada, watu watasema Toyota yangu imevaa mtumba."

"Na hilo koti ulilovaa ulishonewa wewe?"

Akacheka, akaenda kunywa chai. Ulifanya kazi polepole kama kawaida. Uliweka kadibodi, uliweka pete, ulikwangua rangi kuzunguka mashimo kwa kisu, ukatumia nati za Honda. Nilikupa kila kitu kabla hujaniomba, na nikajivunia. Ulipoteremsha jeki ukafunga vifuniko vinne kwenye kitambaa ukaniwekea mapajani. "Naenda sokoni mara moja," ukasema. "Baba yako akimaliza chai, mwende Sultan Hamud mrudi. Na hivi usimpe mtu, mwiitu, hata akija na askofu."

Shangazi, siku hiyo saa kumi, kanisa letu la Tawa lilikuwa limepanga kuniombea. Nilikuwa msichana wa kwanza wa ushirika wetu kuitwa shule ile. Mama alikuwa ameniambia nitaitwa mbele, nisimame karibu na mimbari, na kina mama wataniwekea mikono. Nilikuwa nimefikiria mahali pa kuweka mikono yangu nikisimama pale, na kama nitatazama chini au nitatazama watu. Nilitazama saa ya kibanda cha chai. Kwenda Sultan Hamud na kurudi, kisha Wote, kisha Tawa: nilijua hatutafika saa kumi.

Baba akatoka kwenye chai akifuta midomo. Akaangalia gari, akaniangalia mimi, akaangalia kitambaa.

"Amemaliza?"

"Ndiyo," nikasema. "Amemaliza."

Nikafungua kitambaa. Baba akapachika vifuniko mwenyewe, akivipiga kwa kiganja, na ni kweli gari lilipendeza. Tukaondoka. Hukuwa umerudi.

Hayo peke yake yangetosha kuwa kosa. Lakini kuna jingine, na hili hakuna aliyelijua ila mimi na wewe. Tulipokuwa tumeacha barabara kuu simu ya Baba ikalia. Akiendesha, simu hushikwa na mimi. Ndivyo ilivyo kwetu sikuzote, na wewe unajua. Jina lako lilitokea kwenye kioo: Dada Emali. Niliizima sauti.

"Nani huyo?"

"Ni matangazo ya kampuni ya simu."

"Hao! Hata hawapumziki."

Ikalia tena baada ya muda, na tena tulipopita Wote. Mara tatu. Kila mara nilibonyeza kitufe cha pembeni na kuigeuza simu kioo chini juu ya sketi yangu. Nilijiambia unapiga kutuaga. Nilijiambia hivyo kwa maneno kamili, kama mtu anayeandika insha.

Tulipoanza kuteremka kuelekea Tawa kulikuwa na sauti upande wa kushoto mbele, tak, tak, tak, kama mtu mwenye adabu anayebisha mlango. Baba akasema, "Barabara imeharibika hapa." Niliijua sauti ile. Ulikuwa umenifundisha kuisikia, ukizungusha gurudumu lililolegea kwa mkono na kuniambia nifumbe macho. Nilifungua kinywa niseme. Kisha tukaliona gurudumu letu likitupita. Lilikwenda mbele yetu katikati ya barabara, jipya, linang'aa, kama lina safari yake. Gari likalala upande, likakwaruza lami, likaingia kwenye matuta ya shamba la mahindi.

Mimi nilitoka na michubuko. Baba mguu wake ulivunjika mahali pawili. Simu ilirukia majanini na haikuonekana tena. Kina mama wa kanisa, ambao walikuwa wamekusanyika kanisani karibu tu hapo chini, walikuja mbio wakiwa na nguo zao za kanisa na viatu mikononi, wakaniwekea mikono pale pale kando ya barabara. Niliombewa saa kumi kasoro. Sikutazama chini wala sikutazama watu. Nilifumba macho.

Kesho yake ulikuja hospitalini. Ulipanda gari la madereva wawili wa Emali waliotaka kumjulia Baba hali, na kwapani ulikuwa umeshika kifurushi. Chumba kilikuwa kimejaa watu wetu. Baba alikuwa na maumivu na hasira, na hakukungoja hata uketi.

"Dada, ulimaliza ile kazi au hukuimaliza?"

Wewe hukumtazama yeye. Ulinitazama mimi, niliyekuwa nimesimama karibu na dirisha, na nadhani ulihesabu: vifuniko vilikuwa kwangu, simu ilikuwa kwangu. Haikukuchukua muda. Nilijua kwamba umejua, na nikangoja useme. Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaandaa kilio.

"Nilisahau," ukasema. "Nilisahau kuwaambia mrudi nikaze."

"Umesahau! Kazi ya miaka yote, na kwa damu yako ndiyo unasahau? Hawa wenzako wasikie. Huyu mama asiwafungie tena gurudumu. Ataua mtu."

Madereva waliangalia sakafu. Wewe ukasema, "Pole, ndugu yangu," ukatoka. Nilikufuata kwenye veranda. Ulinipa kile kifurushi. Lilikuwa shuka la kitanda lenye maua ya zambarau, lile ulilokwenda kuninunulia sokoni. Nikaanza kusema, "Anti, mimi..." ukanishika kidevu.

"Shule inakungoja wiki hii. Enda usome."

"Lakini Anti..."

"Nimesema enda usome. Baba yako leo hasikii mtu. Akianza kutafuta mwingine wa kukasirikia, utabaki nyumbani."

Nikaenda nikasoma. Maneno ya Baba yalifika Emali kwa simu kabla yako. Nilipofunga shule mara ya kwanza, Mama aliniambia kwamba rimu zako umemwachia mtu mwingine aliyezihamishia kwake, na kwamba umepata kazi ya upishi katika kambi ya wajenzi wa barabara huko Isiolo. Aliniambia akiwa anakata mboga ya sukuma, bila kuinua kichwa. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo mpaka aliponiita.

Miaka miwili imepita. Umenipigia kupitia kwa Mama, kila mara ukiniuliza masomo. Hukuniuliza mengine hata siku moja. Nami nilikujibu masomo. Nilikuambia nimepata alama nzuri katika fizikia, na nikasikia umefurahi, nikachukia alama zile. Darasani mwalimu alipotufundisha msuguano, akasema kwamba kinachoshikilia gurudumu si bolti kubeba uzito bali nati kubana rimu kwa nguvu dhidi ya habu, wenzangu waliandika. Mimi nilijua tayari, na nilijua nani aliyenifundisha, na kwamba mtu huyo yuko Isiolo anakoroga ugali wa watu arobaini.

Usidhani sikujaribu kusema. Nilijaribu Krismasi ya kwanza, lakini Baba alikuwa bado anatembelea mikongojo, nikaona si wakati. Krismasi ya pili alikuwa anatembea vizuri, nikaona kwa nini kufukua. Unaona jinsi ilivyokuwa: hapakuwa na wakati ambao haukuwa na sababu yake.

Kilichonishinda kilikuwa kicheko. Likizo iliyopita wageni walikuja nyumbani kwa ajili ya posa ya binamu yetu, na baada ya chakula Baba akasimulia ile ajali. Sikuwahi kumsikia akiisimulia hivyo. Imekuwa hadithi ya kuchekesha sasa. Anainuka, anaonyesha gurudumu linavyotupita, anasema, "Nikalipigia honi!" na watu wanashika mbavu. Kisha anamalizia: "Dada yangu alitaka kunirithi, na sina hata shamba la maana." Wakacheka tena. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe. Nikafikiria kwamba hasira huisha, lakini mzaha hausahauliki. Utasimuliwa na watoto wa wale wageni, na wewe utabaki ndani yake hivyo hivyo, mwanamke aliyesahau.

Kesho yake tulikuwa uani mimi na Baba, tunapepeta ndengu. Mama alikuwa ameenda kisimani. Nilimwambia yote bila kusimama: saa kumi, kitambaa, "Ndiyo, amemaliza," na simu. Sikulia. Nilikuwa nimejiapiza nisilie, kwa sababu nikilia angenionea huruma badala ya kunisikia.

Baba aliendelea kupepeta. Maganda yaliruka kwenda upande wa zizi.

"Ililia mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na mara zote ni yeye?"

"Ni yeye, Baba."

Alimaliza ungo ule, akamimina ndengu kwenye gunia, akachukua nyingine, akamaliza na hizo. Mwisho akaketi juu ya gunia, akanyoosha ule mguu wake, na Shangazi, alichokisema nimekiandika hapa kama alivyokisema, kwa ruhusa yake:

"Mimi nilijua wewe ni mtoto. Na desturi ya dada yangu naijua tangu kabla hujazaliwa. Niliviona vile vifuniko mapajani mwako, nikajua hajamaliza. Nilikuuliza wewe kwa sababu nilijua nikimngoja yeye atanikatalia."

Nikamtazama. Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Miaka miwili nilikuwa nimelibeba neno langu moja kana kwamba ndilo pekee lililosemwa siku ile.

"Nilitaka niingie pale getini pa shule yako na gari safi," akasema. "Wazazi wengine wanione."

Nilimwambia twende tukupigie simu sasa hivi, kwa simu ya Mama. Akatikisa kichwa. "Mimi nilimtukana mbele ya watu. Siwezi kumsafisha jikoni. Wewe unajua kuandika. Andika, kila mtu asome. Mimi nitaenda kusema, maana kusema ndiko nilikokosea."

Na alikwenda. Jumamosi ile ile tulikwenda pamoja Emali. Alisimama kwenye kibanda cha chai saa ya madereva kunywa chai, akavua kofia, akasema mambo yote, yangu na yake. Alisema kwa Kikamba kisha kwa Kiswahili, kwa ajili ya wale wa malori. Sauti ilimkatika mara moja tu, alipofika kwenye neno "ataua mtu." Mimi nilisimama kando yake. Nilitaka sana kutazama chini, lakini nilitazama watu.

Aliyejibu ni mmoja wa wale madereva wawili waliokuleta hospitalini, yule mfupi mwenye kovu la shavu.

"Sisi tulijua, bwana. Mama Rehani kusahau? Huyo hata gari la polisi alilishikia vifuniko."

Watu wakacheka kidogo. Baba akamwuliza, "Sasa kama mlijua, mbona mkaacha kwenda kwake?"

"Alisema mwenyewe kwa kinywa chake kuwa alisahau. Mtu akijishtaki, wewe utamtetea na nini?" Kisha akanigeukia mimi, si kwa ukali. "Tulikuwa tunangoja mwenye neno alilete. Umechelewa, lakini umeleta."

Yule mzee wa mandazi akaniletea chai ambayo sikuiagiza. Niliinywa nikiwa nimesimama.

Kwa hiyo, Shangazi, ndivyo mambo yalivyo sasa huku kwetu. Nasema wazi kwa kila anayesoma: mama huyu hakusahau. Alifanya kazi yake yote, alitoa maagizo, alipiga simu mara tatu. Aliyeficha ni mimi. Alijibebesha kosa langu ili niweze kusoma, na ninasoma, na kila ninachokijua kuhusu kufanya kazi bila kujidanganya nilikijua kwanza pale kando ya barabara, kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Nikihitimu nataka kusomea uhandisi wa mitambo. Sisemi hivyo ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu ulikuwa ukiniuliza masomo, nami sikuwahi kukujibu yote.

Nimefikiria sana jambo la kukuomba. Mara ya kwanza nilipoandika barua hii nilikuomba urudi. Nikaifuta sentensi hiyo. Mahali pako pale Emali bado pako wazi, mwenye kibanda cha chai hamruhusu mtu kuegesha hapo, na Baba amesema atakuja mwenyewe Isiolo kwa basi akuombe msamaha ana kwa ana, ukimkubalia. Lakini huenda umezoea huko. Huenda umepata marafiki, na watu arobaini wanaokutegemea asubuhi, na usiku unalala bila kusikia malori. Sina haki ya kukuhamisha mara ya pili.

Ninachotaka ni hiki tu. Ulipoondoka Emali uliondoka kama mtu aliyefukuzwa. Kuanzia Jumamosi ile hakuna anayekufukuza. Ukibaki Isiolo, ubaki kwa sababu umependa kubaki. Ukirudi, uingie kwa barabara kuu, mchana, kichwa chako kikiwa juu. Vyovyote utakavyochagua, nitakuja kukuona popote utakapokuwa, na mara hii sitangoja wakati unaofaa.

Kwa heri ya leo, Shangazi. Nakuheshimu, na nimekukumbuka kuliko ninavyoweza kuandika.

Ni mimi mpwa wako,
binti wa mdogo wako